Daftari la Anaeli

Nilimwambia maneno mawili tu,
msumeno ukiwa bado unazunguka:
"Kesho usije."
Sikuandika. Nani huandika hasira?
Ilikuwa Jumanne, hapa Pasua, jioni,
vumbi la msindano limetua kwenye kope zetu
na meza ya sita ya shule imepasuka mguu mikononi mwake.

Mwezi haukuisha, barua ikaja,
ina muhuri, ina namba, ina jina langu kamili,
Ndeonansia Aminieli Temba,
jina ambalo hata benki hulikosea.
Natakiwa mbele ya Tume ya Usuluhishi.

Usiku nikamwaga boksi la viatu kitandani.
Humo ndimo ofisi yangu inamolala:
leseni iliyokwisha Juni,
cheti cha zimamoto cha mwaka ambao moto wenyewe umeshausahau,
mkataba wa pango usio na sahihi ya mwenye banda
(yeye husema, mama, sisi si tunaaminiana?
kisha kila Januari hupandisha kodi kwa mdomo huohuo),
risiti za mashine zilizofifia
hadi zimekuwa nyeupe,
kama za mtu asiyewahi kuuza hata kijiti.

Ubia wangu na shemeji Kiwelu hauna karatasi kabisa.
Tuliufunga kwa kata moja ya mbege kule Kibosho,
tukacheka, tukapangusa midomo.
Mashine ya randa alileta yeye, banda nililiezeka mimi.
Faida ya nani, hasara ya nani,
mbege haikusema.
Siku ya barua, simu yake haikupatikana.

Nikatafuta jina la Anaeli.
Miaka tisa ameranda mbao zangu.
Ndani ya boksi hayumo.
Kana kwamba meza zilijiunda zenyewe usiku.

Msuluhishi ni wa umri wa binti yangu wa pili.
"Barua ya onyo?"
Sina.
"Notisi? Siku ishirini na nane?"
Sina.
"Michango yake ya hifadhi ya jamii?"
Nikatazama dirishani.
Mlima nao ulikuwa umejifunika.

Ndipo Anaeli akafungua mfuko wa rambo
akatoa daftari la shule,
jedwali la kuzidisha nyuma ya jalada, kona zimeliwa,
mwandiko wa penseli ya fundi, ile bapa.
Siku alizokuja. Siku nilizomlipa nusu.
Jumapili tatu za madawati ya Kiboriloni, bila nyongeza.
Nikaanza kujitetea, sauti ikapanda.
Msuluhishi akafunua ukurasa, akasoma taratibu:
"Tarehe nne Mei. Mama katoa laki na nusu, mtoto kulazwa.
Hajasema ni mkopo. Nimeuliza.
Kasema, twende kazini."

Mimi nilikuwa nimesahau.
Yeye angeweza kuuchana ukurasa ule,
daftari lisingelia.

Adhuhuri haikutukuta pale.
Nalipa notisi, likizo, malimbikizo, kwa awamu nne.
Kwenye fomu hakuna mstari wa jani la isale,
wala nafasi ya kujaza kwamba nilimtazama
na yeye akatazama viatu.
Nikatia sahihi.
Sahihi yangu ya kwanza juu ya Anaeli
ndiyo ya kumwachia.

Karibu na stendi nikanunua daftari.
"La kurasa ngapi, mama?"
Swali zito kuliko yote niliyoulizwa siku ile.

Ukurasa wa kwanza nimeandika: Kiwelu, randa, thamani?
Wa pili: mwenye banda, aje na kalamu.
Wa tatu nimeandika tarehe, nikakwama.
Mguu uliopasuka bado umeegemea ukuta.
Sijui niuweke safu ya hasara
au ya ushahidi.